Mvua ya Mhunze Inatoka Baharini

Katika mikutano ya matawi ya chama huku Mhunze, kila inapotajwa fedha ya uchunguzi wa bahari huzuka swali moja: "Bahari ina nini na sisi?" Muulizaji hupigiwa makofi, nami sishangai. Mtu ambaye ng'ombe wake wametembea kutwa kutafuta lambo lenye maji, ukimsimulia habari za meli ya uchunguzi katika Bahari ya Hindi ataona wamdhihaki. Lakini swali hilo lina jibu, ndugu zangu, na jibu lenyewe ni mvua.

Wazee wetu wanazikumbuka mvua za mwaka 1961, mwaka ambao Tanganyika ilipata Uhuru. Kati ya mwaka ule na 1964 Ziwa Victoria lilipanda kwa zaidi ya mita 2. Mtu akisema ilikuwa baraka ya Uhuru mimi sitagombana naye, ila wataalamu wameeleza baraka hiyo ilivyokuja: maji ya Bahari ya Hindi upande wetu yalipata joto kupita kawaida, na yale ya upande wa Indonesia yakapoa. Maji yenye joto hutoa mvuke mwingi, pepo huuchukua mpaka bara, nasi tukanyeshewa. Jambo lile lilirudi mwaka 1997, likarudi tena mwaka 2019, hata Mei 2020 ziwa likaipita alama ya 1964. Na mambo yakigeuka, upande wetu ukapoa, mvua za mwisho wa mwaka huwa haba. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 2022, wakati hata Dar es Salaam, mji ulio pwani, ulipogawiwa maji kwa zamu.

Basi mkulima wa Kishapu anayetazama mawingu mwezi wa Novemba, na mbegu ya mtama mkononi, anangoja habari ambayo bahari imekwisha kuiandika wiki nyingi kabla. Ni nani anayeisoma? Waliotueleza kawaida hii ya joto la Bahari ya Hindi, mwaka 1999, walikuwa wataalamu waliofanya kazi yao Japani. Tunawashukuru kwa moyo safi. Lakini yafaa tujiulize ilikuwaje maji yaliyo mlangoni petu yakaelezwa na watu walio mbali namna ile, tena miaka karibu 40 baada ya mvua zenyewe.

Wapo watakaosema uchunguzi ni mambo ya wasomi. Nawaomba watazame mbegu ya pamba. Ile inayoitwa UK 91, na ile UKM 08 iliyofuata, herufi zake hazina uhusiano na Uingereza, kama wanavyodhani vijana wengine. Ni za Ukiriguru, kituo chetu cha uchunguzi kule Mwanza. Msukuma aliyepanda mbegu hiyo amekula matunda ya uchunguzi hata kama hajapata kukiona kituo chenyewe. Hata ngitili zetu zilirudi katika mkoa huu kuanzia mwaka 1986 kwa sababu wataalamu wa Hifadhi Ardhi Shinyanga walikubali kujifunza kwa wazee. Elimu ikiwa ya kwenu, huja na kukuuliza. Ya mgeni hukupa karatasi tu.

Wala hatuanzi patupu. Wakati wa ukoloni Waingereza waliweka Zanzibar shirika la kuchunguza uvuvi wa bahari kwa nchi zote walizozitawala Afrika Mashariki. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977 kazi ile ikabaki yatima, na mwaka 1978 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikaanzisha Taasisi ya Sayansi za Bahari pale pale Zanzibar. Mwaka 1980 ikatungwa sheria ya TAFIRI, taasisi ya uchunguzi wa uvuvi, ambayo ina kituo hata Mwanza kwa ajili ya ziwa letu. Na matunda yameonekana. Profesa Keto Mshigeni aliuchunguza mwani wa pwani yetu kwa miaka mingi, na tangu mwaka 1989 akina mama wa Paje na Jambiani wamekuwa wakiulima na kuuza ng'ambo. Leo joto la maji linauharibu mwani ule wa bei nzuri, na akina mama hao wanahitaji wataalamu kuliko siku zote.

Tatizo ni chombo. Bahari yetu, kwa haki tuliyoipata katika Mkataba wa Sheria ya Bahari wa mwaka 1982, inafika maili 200 kutoka ufukweni. Mtanzania mwenzetu Joseph Warioba ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kwanza wa tume iliyotayarisha mamlaka ya dunia ya kusimamia sakafu ya bahari kuu. Mkataba huo wasema kwamba meli ya kigeni haichunguzi katika maji hayo bila ruhusa yetu, na kwamba tuna haki ya kuweka watu wetu ndani yake na kupewa yaliyopatikana. Haki hiyo ni nzuri sana. Lakini uchunguzi mkubwa wa samaki wa pwani yetu mwaka 1982 na 1983, na tena mwaka 2018, ulifanywa kwa meli ya Norway iitwayo Dr. Fridtjof Nansen. Ilikuja kirafiki, na wataalamu wetu walipanda. Hata hivyo mgeni huja kwa ratiba yake. Kati ya ziara na ziara, samaki hawakusimama kutungoja.

Nalo barafu la Kilimanjaro? Usiku wa Uhuru Luteni Alexander Nyirenda aliwasha Mwenge juu ya mlima ule. Mwaka 1912 barafu lake lilipimwa likawa kiasi cha kilomita za mraba 12. Mwaka 2000 zilibaki 2 na nusu tu au kuzidi kidogo. Mwaka huo huo 2000 Profesa Lonnie Thompson na wenzake kutoka Ohio, Marekani, walitoboa barafu hilo mahali 6, wakatoa nguzo zake, wakazipeleka kwenye chuo chao cha uchunguzi wa ncha za dunia na kuziweka katika ghala la baridi. Walisoma humo habari za miaka 11,700, pamoja na ukame mkubwa wa miaka kama 4,000 iliyopita uliodumu kiasi cha miaka 300. Wataalamu wa Innsbruck, Austria, wakabishana nao juu ya sababu ya barafu kupungua, wakisema chanzo kikubwa ni hewa kukauka tangu mwisho wa karne ya 19, na kwamba ukavu huo wahusiana na mabadiliko ya Bahari ya Hindi. Ohio na Innsbruck wanabishana juu ya mlima wetu na ukame wetu! Sisi wa Kishapu tunaijua njia hiyo. Almasi ya waridi iliyookotwa Mwadui mwaka 1947 ilikwenda London kuwa zawadi ya arusi ya binti mfalme. Sisemi walioondoka na barafu ni wezi. Nasema kwamba hatukuwa na ghala la kuliweka.

Wengine watacheka: nchi ya jua kali itafute barafu? India nayo ina jua. Mwaka 1981 ilipeleka msafara wake wa kwanza Antaktika, na mwaka 1998 ikajenga Goa chuo cha taifa cha kuchunguza ncha za dunia na bahari, kwa kuwa mvua za mkulima wake zafungamana na bahari. Na tukumbuke kwamba Mkataba wa Antaktika ulipotiwa saini mwaka 1959 na nchi 12, kiti pekee cha Afrika kilikaliwa na Makaburu. Tanganyika haikuwa hata na sauti ya kupinga.

Sidai tusimike bendera Ncha ya Kusini wakati shule zetu zina upungufu wa madawati. Naomba tawi la Mhunze lipeleke kwenye mkutano wa wilaya mambo matatu: meli moja ya uchunguzi iliyo mali ya taifa, hata ikiwa ndogo, ghala la baridi katika chuo chetu kimojawapo, na nguzo mpya za barafu zitolewe Kilimanjaro na vijana wetu kabla halijaisha, na habari za joto la bahari zifike kwa afisa kilimo wa kata, kwa maneno ya kawaida, kabla ya Oktoba kwisha.