Kapu la Likizo Kutoka Migori na Homa Bay

Mwanafunzi wa shule ya msingi aliyezaliwa Mbita, akalelewa kwa omena na ugali wa mtama, anapopewa insha kuhusu likizo aliyoifurahia, aghalabu humwandikia mwalimu wake habari za Mombasa. Ndani ya insha hiyo mna upepo mwanana wa bahari, minazi, pilau iliyonukia hadi barabarani, na mjomba mwenye gari ambaye hajapata kuwepo. Insha hupata alama nzuri. Ziwa linaloonekana kutoka dirisha la darasa halitajwi hata mara moja, wala hatajwi nyanya yake aliyemkaangia samaki likizo nzima.

Kosa hili si la mtoto. Amefunzwa, bila yeyote kumwambia waziwazi, kwamba Kiswahili kina mahali pake na vyakula vyake, na kwamba kwao si mahali hapo. Miaka kumi baadaye mtoto huyo huyo huingia chuo kikuu kusomea Kiswahili, na fikra hiyo huingia naye. Anaweza kuuchambua utenzi wa Lamu ubeti kwa ubeti, lakini mwenzake wa Kilifi akimwuliza jinsi obambla inavyopikwa, hukimbilia Kiingereza.

Hoja ya makala haya ni kwamba vitabu, nyimbo na mapishi ambayo wanafunzi wa Migori na Homa Bay hugawana kila baada ya likizo ni mali ya Kiswahili inayosubiri kuandikwa, na kwamba mwenye wajibu wa kuiandika si mwingine ila mwanafunzi wa Kiswahili mwenyewe.

Desturi iliyopo

Kugawana vya likizo ni desturi kongwe katika mabweni. Muhula unapofunguliwa, mabasi yanayotoka Isebania kupitia Migori, Awendo na Rongo, pamoja na yale yatokayo Homa Bay, huwateremsha wanafunzi wakiwa na mizigo inayojieleza kwa harufu: omena iliyokauka vyema kwa jua la kiangazi, samaki waliopasuliwa, unga wa mtama, njugu za kukaanga. Ndani ya simu mna nyimbo za benga na ohangla zilizokusanywa nyumbani. Chini ya nguo mna kitabu kilichoazimwa kwa binamu. Kizuri kula na mwenzio, walinena wahenga, na kwa siku chache bweni zima hula, husikiliza na huazimana.

Hata hivyo, ikisikilizwa lugha ya ugawanaji huo, ajabu hujitokeza. Wenyeji wa ziwa huzungumza Dholuo wao kwa wao, na Kiingereza au Sheng' na wageni. Kiswahili, ambacho ndicho kilichowaleta chuoni, huachwa katika ukumbi wa mihadhara. Ilhali huko watokako, katika soko la Migori, Mkuria mwenye ndizi na Mjaluo mwenye samaki hupatana bei kwa Kiswahili bila kuona haya. Soko limekubali jambo ambalo msomi bado anasitasita kulikubali.

Vitabu

Mfano wa kuigwa hauko mbali. Katika maji ya ziwa lilo hilo, kisiwani Ukerewe, Aniceti Kitereza alikamilisha riwaya kwa Kikerewe mwaka wa 1945. Ilikaa zaidi ya miongo mitatu bila kuchapishwa. Mwenyewe akaifasiri kwa Kiswahili, na mwaka wa 1980 Tanzania Publishing House ikaitoa kwa jina la Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali. Mwaka uliofuata Kitereza akafariki dunia. Kupitia kazi yake, msomaji wa Unguja ambaye hajawahi kuliona ziwa hilo anaweza kujua jinsi Wakerewe walivyolima, walivyovua, walivyoandaa pombe ya ndizi na walivyowapokea wakwe. Kikerewe hakikupungukiwa na chochote, nacho Kiswahili kikatajirika.

Upande wa Kenya, njia iliyozoeleka ni nyingine. Grace Ogot alichapisha Miaha kwa Dholuo mwaka wa 1983, na mwaka wa 1989 ikatoka tafsiri ya Kiingereza ya Okoth Okombo, The Strange Bride. Margaret Ogola aliiandika The River and the Source kwa Kiingereza moja kwa moja, ikatoka mwaka wa 1994, kisha ikasomwa na kutahiniwa katika shule za upili kote nchini. Hivi ni vitabu adhimu, na mwanafunzi anayemwazima mwenzake kimojawapo anafanya jambo jema. Lakini njia ya kutoka Dholuo hadi Kiingereza imekanyagwa ikawa barabara, ilhali ile ya kwenda Kiswahili bado ina umande.

Wala isisemwe kwamba eneo hili halina mkono katika uandishi wa Kiswahili. Chacha Nyaigotti-Chacha, ambaye jina lake tu latangaza Ukuria, alituandikia tamthilia ya Mke Mwenza na uchambuzi wa ushairi wa Abdilatif Abdalla uliochapishwa mwaka wa 1992. Isitoshe, usomaji wa watu wa ziwani una nuru yake. Mathalani, Kidagaa Kimemwozea ya marehemu Ken Walibora (2012) ilipokuwa ikitahiniwa, wanafunzi wengi nchini waliikariri maana ya jina hilo kutoka kwenye vitabu vya mwongozo. Msomaji wa Sindo au Muhuru Bay hakuhitaji kukariri. Amewaona akina mama wakitandaza omena ufuoni asubuhi, mawingu yakajikusanya adhuhuri, mvua ikanyesha, na kufikia jioni mzigo uliokusudiwa kulipa karo ukawa wa kuuzwa kwa bei ya chakula cha kuku. Huko ndiko kuozewa na kidagaa. Mwanafunzi huyo akiyaandika maelezo haya, atakuwa amewapa wenzake wa bara na pwani ufunguo wasioweza kuupata katika mwongozo wowote.

Muziki

Katika muziki mpaka wa nchi hauonekani kabisa. Daniel Owino Misiani, aliyeongoza Shirati Jazz na kuhesabiwa miongoni mwa nguzo za benga, alizaliwa Tanzania karibu na Shirati, kusini kidogo ya mpaka wa Migori, akajijengea jina Kenya na kufia Kisumu katika ajali ya barabarani mwaka wa 2006. Gitaa la benga lenyewe lilijifunza mwendo wake kwa nyatiti, zeze la Wajaluo lenye nyuzi nane, ambalo ni jamaa wa karibu wa iritungu ya Wakuria. Naye Gabriel Omolo alithibitisha katika miaka ya 1970, kwa wimbo wake wa Kiswahili kuhusu saa ya chakula cha mchana mjini, kwamba benga ikiimbwa kwa Kiswahili haipotezi ladha.

Lakini kumpa mwenzako wimbo wa Dholuo bila maelezo ni kumpa nazi bila mbuzi ya kuikunia. Chukua pakruok. Katika ngoma ya nyatiti, msikilizaji hutoa pesa, akausimamisha wimbo, kisha akajisifu au kumsifu rafiki yake kwa maneno aliyoyateua kwa ustadi, ndipo mpigaji akaendelea. Mwanafunzi wa fasihi simulizi atayatambua majigambo mara moja. Atakayekuwa amehudhuria taarabu atakumbuka pia jinsi wasikilizaji wanavyonyanyuka kumtunza mwimbaji pale ubeti unapowagusa. Tofauti yenyewe ni darasa tosha: katika taarabu mtoaji tuzo huacha maneno ya mwimbaji yamsemee, ilhali katika pakruok hununua nafasi ya kusema mwenyewe. Ulinganisho wa aina hii hauwezi kufanywa na mtu asiyejua nyatiti, wala na asiyejua Kiswahili. Unamtaka mwenye vyote viwili, na mtu huyo yuko bwenini.

Mapishi

Hapa ndipo penye utajiri mkubwa zaidi, na ndipo penye kupuuzwa zaidi. Wengi hudhani kwamba Kiswahili hakina maneno ya jiko la ziwani. Ukweli ni kwamba mengi yamo, ila hayajatafutwa. Obambla, yaani samaki anayepasuliwa, akafunuliwa na kuanikwa juani, ana jina la Kiswahili tangu zamani: ni ng'onda. Osuga ni mnavu, dek ni mgagani, apoth ni mlenda. Kupaa magamba, kutumbua, kuanika na kuchuja ni vitenzi vya pwani vinavyotosha kabisa ufuoni Homa Bay. Mvuvi wa Lamu na mchuuzi wa Mbita wamekuwa wakifanya kazi moja bila kujuana majina.

Hebu ijaribiwe. Omena huchambuliwa kwanza ili kuondoa mchanga na takataka, ikaoshwa kwa maji ya vuguvugu mara mbili au tatu, ikachujwa. Hukaangwa kwa mafuta kidogo hadi ikauke na kuanza kulia katika sufuria. Vitunguu hutiwa vikageuka rangi, nyanya zikafuata hadi ziive na kurojeka, kisha chumvi na maji kiasi, ikaachwa itokote polepole. Wapo wanaomalizia kwa maziwa, na hapo mchuzi huwa mzito na ukali wa samaki ukatulia. Huliwa kwa ugali wa mtama. Mboga nazo, hususan mnavu na mgagani, huchemshwa kwa maji ya majivu yaliyochujwa ili zilainike na uchungu upungue. Humwagiwa maziwa na kupashwa moto tena siku ya pili na ya tatu, kila siku zikizidi kukolea. Maelezo hayo yamekamilika kwa Kiswahili, wala hakuna mahali yalipokwama.

Yako maneno ambayo Kiswahili sanifu hakina budi kuyapokea, na kwa sababu nzuri. Samaki anayeitwa mbuta Homa Bay huitwa sangara Mwanza. Omena huitwa dagaa upande huo. Lakini dagaa wa baharini si samaki huyo, wala dagaa wa Kigoma siye. Neno moja limebebeshwa samaki wa maji matatu mbalimbali. Kwa hiyo omena si kasoro ya lafudhi ya Kijaluo. Ni neno linalotaja kwa usahihi kitu ambacho dagaa hulitaja kwa ujumla.

Aidha, muda hausubiri. Mbuta alipandikizwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960, na kufikia miaka ya 1980 alikuwa amekwisha kuwamaliza wengi wa fulu, samaki wadogo waliokuwa wa mamia ya aina. Samaki akitoweka, pishi lake hufuata, na neno likafuata pishi. Wazee wa Rusinga na Mfangano wanaokumbuka jinsi fulu walivyokaushwa na kuungwa hawataishi milele. Mapishi hayo yasipoandikwa na wajukuu wao, hayataandikwa na yeyote.

Pingamizi mbili

Yamkini atatokea wa kusema kwamba kuingiza omena na nyatiti ni kukivuruga Kiswahili sanifu. Mtu huyo na aulizwe asili ya chapati, biriani na meza. Kiswahili kilipokea kutoka India na Ureno bila kuvurugika, sembuse kutoka kwa jirani yake wa ziwa moja! Usiache mbachao kwa msala upitao.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, nalo linastahili heshima. Wapo wanaohofu kwamba Kiswahili kikipewa nyimbo na mapishi kitazimeza lugha za wenyeji. Hofu hiyo ina msingi, kwani Homa Bay yenyewe imeshuhudia Kisuba kikirudi nyuma mbele ya Dholuo. Lakini kinachoua lugha ni wenyewe kuiona haifai kwa lolote la maana. Anayelazimika kumwuliza nyanya yake jina la kila jani na kila hatua ya pishi, ili aweze kulifasiri, huijua lugha ya mama vizuri kuliko aliyeinyamazia. Kitereza hakukiua Kikerewe kwa kukifasiri. Alikipa wasikilizaji.

La kufanya

Jambo linalopendekezwa si kubwa. Mosi, kila mwanafunzi anayetoka likizo na alete kwa chama chake kitu kimoja kilichoandikwa kwa Kiswahili: maelezo ya kitabu alichokipenda, ufafanuzi wa wimbo, au pishi la kwao. Pili, ataje aliyemfundisha, kwa ridhaa yake, maana mama aliyemwonyesha jinsi ya kuunga ng'onda ni mwalimu kama mwalimu mwingine. Tatu, majarida ya vyama yatenge kurasa za kazi hizi badala ya kurudia kila toleo muhtasari wa nadharia zilezile. Nne, wahadhiri wazikubali kama kazi halali ya nyanjani katika fasihi simulizi, tafsiri na leksikografia. Chuo Kikuu cha Rongo kiko Migori na Chuo Kikuu cha Tom Mboya kiko Homa Bay. Wanafunzi wa huko wanaweza kwenda nyanjani na kurudi kabla ya chakula cha jioni.

Katiba ya Kenya ya mwaka wa 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na kuwa lugha ya taifa. Lakini hakuna katiba inayoweza kumshawishi mtoto wa Mbita kwamba lugha hiyo ni yake. Hilo litafanywa na kitabu atakachokifungua akakuta humo ufuo wa kwao, wimbo wa babu yake na sufuria ya nyanya yake, vyote kwa Kiswahili kilichonyooka. Siku hiyo atakapopewa insha ya likizo, hatakuwa na haja ya kumtafuta mjomba wa Mombasa.