Daftari la Wiki: Jeti Moja, Tabia Mbili

Malalamiko ya wapenzi wa simyuleta za ndege hufanana sana. Jeti ileile iliyo futi 10,000 inachomoka mno, mpaka kuipunguza mwendo ni kazi. Ikifika futi 35,000 inasuasua, haigusi Mach 0.78 hata injini zikisukumwa hadi mwisho. Mwenye nayo anafungua faili la ndege, anakwenda moja kwa moja kwenye namba ya ukinzani wa hewa, anaipunguza. Juu kunapona, chini kunaharibika zaidi. Anairudisha ilipokuwa. Kazi hii inaweza kumla mtu mwezi mzima, na inaumiza, kwa sababu mara nyingi namba ile haikuwa na kosa lolote.

Jambo la kwanza la kumuuliza ni hili: kasi ipi?

Kipimo cha kasi hakihesabu maili. Kinasoma msukumo wa hewa inayoingia kwenye mrija mdogo ulio upande wa mbele wa ndege. Hewa ikiwa nyepesi, msukumo hupungua na kipimo husoma kidogo, ingawa ndege inakwenda mbio vilevile. Katika hewa ya kawaida, Boeing 737 iliyo futi 35,000 kwa Mach 0.78 inaikata hewa kwa knoti 450 hivi, na kipimo chake kinaonyesha kama 264. Zote mbili ni kweli. Kwa futi 10,000, kipimo kikisema 250, kasi halisi ni karibu 288. Juu ya hayo kuna upepo, ambao haubadilishi ukinzani hata chembe bali hubadilisha kasi ya ndege juu ya ardhi. Wapo wanaolinganisha kasi ya juu ya ardhi ya jana na kipimo cha leo, kisha wanailaumu ndege.

Hata Mach yenyewe, yaani kasi ya ndege ikilinganishwa na ya sauti, inasogea. Kasi ya sauti ni knoti 661 hewa ikiwa na nyuzi 15. Kwenye baridi ya futi 35,000, nyuzi 54 chini ya sufuri, inashuka hadi 576.

Mfano mzuri wa mtego huu uko FlightGear, simyuleta huria na ya bure ambayo watu wa kujitolea wameijenga tangu miaka ya 1990. Ndani yake kuna mifumo kadhaa ya hesabu za urukaji, na miwili inayotumika sana ni JSBSim, iliyoanzishwa na Jon Berndt, na YASim ya Andy Ross. YASim haimuulizi mtengenezaji ukinzani ni kiasi gani. Inataka umbo la ndege, uzito, nguvu za injini, na hali mbili za mwendo: kasi ya kukaribia uwanja, na kasi ya safari katika kimo fulani. Kisha yenyewe inatafuta ukinzani utakaozifanya hesabu zilingane. Ni njia ya busara, hasa kwa ndege ambayo takwimu zake za maabara hazipatikani.

Lakini kasi inayodai ni kasi halisi. Mtu akisoma 264 kwenye picha ya dashibodi na kuiandika mahali pa 450, YASim itaamini kwamba kwa injini zilezile ndege hii inakwama kwenye 264. Kwa kuwa ukinzani wa umbo hukua kwa mraba wa kasi, itaibebesha ndege ukinzani wa karibu mara 3 ya unaostahili. Hakuna onyo litakalotokea. Hesabu zimelingana kabisa, ila zimelingana na ndege nyingine.

JSBSim ina hatari ya upande wa pili. Humo mtengenezaji huandika majedwali mwenyewe: ukinzani kwa kila hali, na nguvu za injini kwa kila kimo na kila Mach. Injini ya jeti ya abiria ikifika futi 35,000 hutoa sehemu ndogo tu ya nguvu ilizokuwa nazo kwenye usawa wa bahari. Jedwali lisiposhusha nguvu hizo vya kutosha, ndege itapita kasi yake, na mtu atasema ukinzani ni mdogo. Ataongeza ukinzani mpaka 0.78 ipatikane, atafurahi, kisha atashangaa kwa nini ndege haiwezi kupanda vizuri kutoka uwanjani. Kasi ya safari ni pale tu msukumo wa injini unapolingana na ukinzani. Namba mbili mbovu zinaweza kukutana hapo na kutoa jibu sahihi. Ndiyo maana kasi moja iliyopatia, katika kimo kimoja na uzito mmoja, haithibitishi kitu.

Uzito nao usisahaulike. Kwa kasi ileile na kimo kilekile, ukinzani unaotokana na kazi ya kuinua ndege hukua kwa mraba wa uzito: tani 75 dhidi ya 50 ni mara 2.25. Kujaza matangi na kurudia jaribio la jana si kurudia jaribio.

Kuna ukuta mmoja wa kasi unaostahili kukaa nao kidogo, kwa kuwa wahandisi wa kweli waligonga hapo kabla ya kompyuta za nyumbani kuwapo. Mwaka 1953 kampuni ya Convair ya Marekani ilirusha YF-102, ndege ya kivita yenye mabawa ya pembetatu, ikitarajiwa kuipita sauti. Ikashindwa kuipita katika mruko wa usawa. Richard Whitcomb, mhandisi wa NACA, shirika la Marekani la utafiti wa urukaji, katika kituo cha Langley, Virginia, alikuwa ameshaona sababu kwenye handaki la upepo: karibu na kasi ya sauti, mawimbi ya mshtuko hayajali mwili peke yake wala bawa peke yake. Yanajali jinsi eneo la jumla la ndege, likikatwa vipande kutoka pua hadi mkia, linavyopanda na kushuka. Mwili ubaki na unene wake, kisha ghafla uongezewe mabawa, na ukinzani unaruka. Dawa yake ilikuwa kuubana mwili pale mabawa yanapoanza, mpaka ndege ipate kiuno kama chupa ya soda. YF-102A, iliyorefushwa na kubanwa hivyo, ilivuka kasi ya sauti Desemba 1954, na Whitcomb alipewa Tuzo ya Collier ya mwaka huo.

Katika faili la simyuleta, kazi yote ile inageuka kuwa mistari michache ya jedwali: ukinzani wa ziada ni sufuri hadi Mach 0.7 au 0.8 hivi, unapanda kwa kasi, unafika kilele kidogo baada ya Mach 1, kisha unateremka. JSBSim huunganisha mistari hiyo kwa kunyoosha kati ya namba na namba, na jedwali likiisha hushikilia namba ya mwisho. Ndege ya kivita ambayo jedwali lake limeishia Mach 0.8 haitaonja ukuta wowote. Itateleza hadi Mach 2 bila jasho. Na jeti ya abiria ambayo namba zake zinaanza kupanda mapema mno, tuseme Mach 0.6, ndiyo hiyo inayopiga mbio chini na kusuasua juu. Atakayegusa ukinzani wa msingi hapo ataharibu mahali palipokuwa pazima.

Kosa jingine hujificha kwenye vipimo vya namba: Julai 23, 1983, Boeing 767 ya Air Canada iliishiwa mafuta angani, ikateleza bila injini hadi uwanja wa zamani wa Gimli, Manitoba. Ilihitaji kilo 22,300. Iliondoka na ratili 22,300, chini ya nusu. Watu 69 waliokuwamo wote walipona. JSBSim inaruhusu eneo la bawa kuandikwa kwa futi za mraba au mita za mraba, na tofauti yake ni karibu mara 11. Neno moja dogo pembeni mwa namba linatosha kuiangusha ndege nzuri.

Tatizo likija na kuondoka bila mpango, mtu aache majedwali na aangalie mkono wake. Usukani wa mezani wenye mhimili uliopewa kazi mbili, au usiorudi sawasawa katikati, unaweza kuinua breki za hewa kidogo bila rubani kujua. Flapi na magurudumu vilevile. Na katika simyuleta ya X-Plane, picha zikipungua chini ya takriban 20 kwa sekunde, programu hupunguza mwendo wa saa yake ya ndani ili hesabu zisivurugike. Anayepima kwa saa ya ukutani atapata ndege ya polepole isiyokuwapo.

Viwanja vya juu navyo vinadanganya. Ukiondoka uwanja wa Jomo Kenyatta, Nairobi, kimo cha futi 5,330, joto likiwa nyuzi 25, kipimo kikisoma knoti 140 magurudumu yanakwenda karibu 157, na njia ya kurukia inaonekana fupi kuliko ya Dar es Salaam. Hakuna cha kurekebisha.

Jaribio linalotenganisha injini na ukinzani ni rahisi, na linatumika kwenye mashine za mamilioni ya dola. Kanuni za Marekani za simyuleta za kufundishia marubani zinataka ndege ishikwe katika usawa, injini zirudishwe kwenye nguvu ya chini kabisa, na muda wa kupoteza angalau knoti 50 upimwe; ukitofautiana na wa ndege halisi kwa zaidi ya asilimia 5, mashine haijafaulu. Nyumbani inawezekana: hewa tulivu, uzito ulioandikwa, kimo kisichobadilika, kutoka 300 hadi 250. Kisha kimo cha pili, kisha Mach ya juu. Ndege ikipoteza kasi kwa muda unaofaa lakini ikapita mwendo injini zikiwashwa kwa nguvu, faili la kufunguliwa ni la injini. Ikichelewa kupoteza kasi chini na juu vilevile, kosa limo kwenye ukinzani wa msingi; ikichelewa karibu na Mach 0.8 tu, ni kwenye ile mistari michache iliyoanzia kwa Whitcomb.