Sambusa za Idi zisikunyime Idi yako

Mwaka juzi mwezi uliandama siku ya 29 ya mfungo, nami nilikuwa nimejipanga kwa 30. Tangazo lilipotoka usiku, nilikuwa na nyama bichi na manda pakiti mbili. Nikakata vitunguu huku machozi yananitoka, na si kwa vitunguu peke yake. Nililala saa nane usiku.

Asubuhi baba na watoto wakajiandaa kwenda kuswali. Binti yangu mdogo, gauni jipya mwilini, akasimama mlango wa jikoni: "Mama, wewe Idi yako lini?" Sikuwa na jibu. Nilikuwa na mwiko mkononi na mafuta jikoni.

Tangu hapo nafunga sambusa wiki moja kabla. Mwezi uandame 29 au 30, zenyewe ziko tayari.

Kilo moja ya nyama ya kusaga hutoa karibu sambusa 40, kutegemea ukubwa. Pika nyama na kitunguu saumu, tangawizi, bizari nyembamba, pilipili manga, chumvi na ndimu mpaka maji yakauke kabisa. Tia vitunguu maji, geuza dakika mbili tatu, epua, kisha tia kotmiri. Tandaza kwenye sinia ipoe haraka, lakini usiiache nje zaidi ya saa mbili.

Hapo kwenye kupoa ndipo nilipowahi kuharibu. Nilifunga nyama ingali ya moto. Mvuke ukalowesha manda, na sambusa zikapasukia kwenye mafuta. Siku hizi nasubiri.

Funga, ziba kwa unga wa ngano uliokorogwa mzito. Zipange kwenye sinia zisigusane, weka kwenye friza. Zikishakuwa ngumu, zitie kwenye mfuko na utoe hewa. Ukizirundika mapema zitagandana, na kuzitenganisha ni kuzichana.

Siku yenyewe usiziyeyushe. Pangusa barafu, maana maji huruka kwenye mafuta. Watoto wakae mbali. Kaanga chache chache kwa moto wa wastani. Moto mkali huunguza manda na kuacha ndani baridi. Pasua moja uhakikishe.

Umeme ukikatika, usifungue friza kila mara kuchungulia. Iliyojaa hushika baridi kwa takriban saa 48. Iliyojaa nusu, saa 24. Sambusa zikiyeyuka lakini bado ni za baridi kama zilizotoka kwenye friji, kaanga siku hiyo hiyo. Zikishapata joto kwa saa kadhaa, tupa. Inauma, lakini tumbo la mtoto linauma zaidi.

Huna friza? Muombe jirani mwenye nayo, umfungie na yeye sahani yake. Ndivyo nilivyoanza mimi.

Wasaidizi pia unao nyumbani. Mtoto wa miaka minane anaweza kupaka unga na kupanga kwenye sinia. Zitatoka zimepinda, zitaliwa.

Idi iliyopita nilikwenda kuswali na wanangu. Tuliporudi nilibandika mafuta, na chai ilipoiva sambusa za kwanza zilikuwa mezani. Binti yangu alikuwa akiwaonyesha wageni zile alizofunga yeye.