Madai Matano Wanayombebesha Darwin

Mwanafunzi wa Kitanzania hukutana na Zinjanthropus kwenye somo la historia. Akitoka darasani husikia mengine. Kijiweni wanamwambia dunia ni ya wenye nguvu, na kwamba sayansi yenyewe ndiyo imesema. Kwenye nyumba ya ibada wanamwonya kuwa anayefundishwa kwamba ni mnyama ataishi kama mnyama. Wasemaji hawa hudhani wanapingana, kumbe wanakubaliana jambo moja: kwamba nadharia ya mageuko imeshatoa hukumu juu ya tabia ya binadamu. Haijatoa. Tuyachukue madai yao moja baada ya jingine.

Dai la kwanza: Binadamu ni nyani aliyepanda ngazi

Ndiyo maana watu huuliza mbona nyani wa leo hawageuki watu. Nadharia haisemi wageuke. Sisi na sokwe tulitokana na babu mmoja aliyeishi Afrika takriban miaka milioni sita au saba iliyopita. Kila ukoo ulishika njia yake, na sokwe wa leo wamebadilika kwa muda uleule tuliobadilika sisi. Zinjanthropus mwenyewe ni shahidi. Fuvu lile aliloligundua Mary Leakey katika Korongo la Olduvai mwaka 1959, lenye umri wa miaka ipatayo milioni 1.75, si la babu yetu. Ni la ndugu wa tawi jingine, mwenye magego makubwa, ambaye kizazi chake kilikwisha. Katika korongo hilohilo, zama zilezile, aliishi Homo habilis, aliye karibu zaidi nasi. Matawi yalikuwa mengi kwa wakati mmoja, na mengi yalikatika.

Dai la pili: Kanuni ya maumbile ni mwenye nguvu mpishe

Kauli kwamba anayesalia ni yule anayefaa zaidi ilitungwa na mwanafalsafa Herbert Spencer mwaka 1864, na Darwin akaiingiza katika toleo la tano la kitabu chake mwaka 1869. Kufaa huko hakupimwi kwa misuli. Hupimwa kwa wazao wanaosalia katika mazingira fulani, na mazingira yakibadilika kipimo nacho hubadilika. Mwaka 1954 daktari Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alionyesha kuwa aliyerithi jeni ya selimundu kwa mzazi mmoja hupata kinga dhidi ya malaria. Akiirithi kwa wazazi wote wawili, huugua. Ndiyo maana jeni hiyo imeenea Pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, na ni adimu kwenye nyanda za juu zenye baridi. Ubabe hauna nafasi katika hesabu hiyo.

Mtazame pia bibi. Kwa wanyama walio wengi, jike akikoma kuzaa huwa amekaribia mwisho wa maisha, lakini mwanamke huweza kuishi miongo kadhaa baada ya hapo. Mtafiti Kristen Hawkes na wenzake, waliofanya utafiti miongoni mwa Wahadzabe, wawindaji na wakusanyaji wa karibu na Ziwa Eyasi, waliwaona wanawake wazee wakichimba mizizi kwa saa nyingi. Walibaini kuwa mama anapokuwa na kichanga, ukuaji wa mtoto aliyekwisha kuachishwa ziwa hutegemea kazi ya bibi. Wakapendekeza kuwa uzee wetu mrefu uliteuliwa na maumbile kwa sababu bibi waliwalisha wajukuu. Kama kanuni ingekuwa nguvu, kikongwe angekuwa wa kwanza kuachwa njiani.

Dai la tatu: Ukatili umo damuni

Dai hili lilipewa joho la sayansi na Raymond Dart, mtaalamu aliyelitambulisha fuvu la mtoto wa Taung la Afrika Kusini. Mwaka 1953 aliandika kwamba wahenga wetu walikuwa wauaji, na mwandishi Robert Ardrey akalieneza wazo hilo kwa kitabu chake cha mwaka 1961. Baadaye mtafiti Bob Brain aliichunguza upya mifupa ya pango la Swartkrans, pia Afrika Kusini. Fuvu moja lilikuwa na matundu mawili yanayolingana na meno ya chui. Wale waliodhaniwa kuwa wawindaji walikuwa kitoweo.

Mwenye dai atakimbilia Gombe, na ana haki: kati ya 1974 na 1978 Jane Goodall na wasaidizi wake waliwashuhudia sokwe wa kundi la Kasakela wakiwaua wenzao waliojitenga. Lakini kusini ya Mto Kongo wanaishi bonobo, walio karibu nasi kinasaba sawa na sokwe wa Gombe. Kwao majike wana sauti kubwa, na makundi yakikutana mara nyingi hula na kuchezeana manyoya pamoja. Anayemchagua ndugu mmoja na kumficha mwingine anatafuta kisingizio.

Dai la nne: Mwanamume kaumbwa kutawala, malezi ni ya mwanamke

Hapa Bonde la Eyasi lina jibu zuri kuliko vitabu vingi. Wahadzabe huwinda na kukusanya. Majirani zao Wadatoga hufuga. Baba wa Kihadzabe hushinda na watoto wake, huwabeba na kulala nao. Baba wa Kidatoga, kwa desturi, hamshughulikii sana mtoto mchanga. Mwaka 2009 watafiti walichapisha vipimo vya testosteroni, homoni ya kiume, vya wanaume wa jamii zote mbili. Kwa Wahadzabe, wenye watoto walikuwa na kiwango cha chini kuliko wasio nao. Kwa Wadatoga, tofauti hiyo haikuonekana.

Hawa ni binadamu wale wale, wanaishi bonde moja, na hata homoni zao zinakwenda sambamba na namna wanavyolea. Kilichoteuliwa kwa mwanamume si ubwana wala ulezi. Ni mwili unaoweza kuyafuata maisha ya aina zote mbili. Anayesema "ndivyo tulivyoumbwa" aeleze ni baba yupi kati ya hao wawili ambaye hakuumbwa.

Dai la tano: Mageuko yamewapanga watu kwa daraja

Tukiri kwamba Darwin mwenyewe, katika kitabu chake cha mwaka 1871, aliwaita baadhi ya watu washenzi na kuwaweka chini ya Wazungu. Wafuasi wake walikwenda mbali zaidi. Nairobi ya miaka ya 1930 ilikuwa na chama cha walowezi na madaktari kilichojishughulisha na "uboreshaji wa mbari", na daktari F. W. Vint alipima bongo za maiti za Waafrika akadai zina upungufu.

Ushahidi uliokuja baadaye umeivunja ngazi hiyo. Mwaka 1972 Richard Lewontin alikokotoa kwamba takriban asilimia 85 ya tofauti za kinasaba za binadamu zimo ndani ya jamii moja moja. Tofauti nyingi zaidi zimo Afrika, kwa kuwa hapa ndipo tulipoishi muda mrefu zaidi. Hata pale jamii zinapotofautiana kweli, hakuna daraja. Uwezo wa mtu mzima kumeng'enya maziwa ulizuka Ulaya, ukazuka pia kwa wafugaji wa Tanzania na Kenya kwa mabadiliko mengine ya jeni, kama Sarah Tishkoff na wenzake walivyoonyesha mwaka 2007. Penye ng'ombe, uteuzi ulifikia jibu lilelile bila kuuliza rangi ya mchungaji.

Je, basi mageuko hayana la kusema juu yetu? Yanalo. Yanaeleza kwa nini mtoto wa binadamu hutegemea wengine kwa miaka mingi, kwa nini tunapenda vitamu kupita kiasi, na kwa nini tuna wivu na huruma kwa pamoja. Yanaeleza uwezo tulio nao, wa kulea na wa kuua. Upi tuukuze ni suala la maadili, sheria na imani. Kwa hiyo anayempiga mkewe, anayemnyang'anya jirani shamba au anayembagua mtu kwa kabila lake, ajitetee kwa jina lake mwenyewe. Mifupa ya Olduvai haikumtuma.