Wiki moja katika nyumba ya watu Sarlat

KAKA yangu mkubwa hapendi kulala nyumba za watu. Hata akienda msibani Malindi hutafuta basi la jioni arudi kwake Mombasa. Basi hebu fikiria, msomaji mpendwa, kizaazaa kilichozuka pale binti yake Zuhura, ambaye ni muuguzi huko Leicester, Uingereza, alipopiga simu mapema mwaka wa 2024 na kusema: "Baba, nimekodi nyumba Ufaransa kwa wiki moja mwezi wa Septemba. Wewe na shangazi mtakuja, msiniambie habari nyingine."

Kaka alikaa kimya, kisha akauliza swali moja tu: "Nyumba ya nani?"

Wengi wetu tukisikia Ufaransa tunafikiria Paris na ule mnara wake wa chuma. Zuhura alikuwa amechagua Sarlat, mji mdogo wa soko katika jimbo la Dordogne, kusini-magharibi mwa nchi, wenye wakazi wapatao elfu tisa tu. Nami nilimwuliza kwa nini asituweke hotelini kama watu wengine wanavyofanya. Akanijibu kwa hesabu. Hotelini tungehitaji vyumba vitatu, na kila mlo ni kununua, tena chakula chenyewe hatukijui kimepikwa kwa nini. Nyumba ina jiko. Kodi ilikuwa yuro 780 kwa wiki, yaani kama Sh110,000 wakati huo, nasi tulikuwa watu sita: yeye, mumewe, watoto wawili, kaka na mimi. Angechukua nyumba hiyo hiyo Julai au Agosti, Wafaransa wenyewe wanapokuwa likizoni, angelipa zaidi sana.

Nyumba za namna hii Wafaransa huziita gîte. Nilipendezwa na asili yake. Baada ya Vita Vikuu vya Pili vijana wa mashambani walikimbilia mijini na kuacha nyumba za wazee wao zikibomoka. Mnamo 1951 ikafunguliwa gîte ya kwanza katika wilaya ya milimani iliyoitwa Basses-Alpes, kwa juhudi za seneta Émile Aubert, na mwaka wa 1955 likaundwa shirikisho la Gîtes de France. Shabaha ilikuwa ndege wawili kwa jiwe moja: mkulima apate senti za kuitengeneza nyumba yake isianguke, na familia ya mfanyakazi wa mjini ipate mahali pa kupumzika bila kufilisika. Badala ya nyota, nyumba hizo hupewa masuke ya ngano, kuanzia moja hadi matano. Yetu ilikuwa na matatu.

Kabla ya kufika huko kwenye masuke, lakini, kulikuwa na mlima wa karatasi. Viza ya nchi za Schengen tangu Juni 2024 ni yuro 90 kwa mtu mzima, na lazima uwe na bima ya safari isiyopungua yuro 30,000. Mkataba wa nyumba ndio uliokuwa ushahidi wetu wa mahali tutakapolala. Hata Zuhura, ambaye bado ana pasipoti ya Kenya, ilimbidi aombe viza yake huko huko Uingereza, kwani kibali cha kuishi Uingereza hakikufungulii mlango wa Ufaransa.

Miadi ya viza ya kaka ilichelewa na tukaanza kuingiwa na wasiwasi. Zuhura alikwisha kutuma robo ya kodi, yuro 195. Je, safari ikivunjika? Hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo nawasihi wenye jamaa wanaokodi nyumba huko walisome mara mbili. Katika mikataba ya Kifaransa kuna maneno mawili yanayofanana machoni mwa mgeni. Malipo yakiitwa arrhes, ukijitoa unayapoteza na mambo yamekwisha. Mwenye nyumba akijitoa yeye, anakurudishia mara mbili. Yakiitwa acompte, umejifunga kwa bei nzima, na mwenye nyumba anaweza kukudai iliyobaki hata kama hukukanyaga kizingiti chake. Wetu uliandikwa arrhes. Nilipumua. Viza ya kaka ilitoka siku tisa kabla ya kuondoka.

Zuhura na wa kwake walikuja kwa gari wakipitia njia ya chini ya bahari. Kaka na mimi tulishuka Paris, tukapanda gari moshi la kasi hadi Bordeaux, mwendo wa saa mbili na dakika chache, kisha kigari moshi kidogo kilichotambaa kando ya mto Dordogne na kuishia Sarlat. Hakuna stesheni nyingine mbele. Kaka alisema afadhali, maana hatutapitiliza.

Ilikuwa Jumamosi, siku ya soko kubwa. Nyumba za namna hii hukodishwa Jumamosi hadi Jumamosi, na ufunguo hautoki kabla ya saa kumi jioni. Tukawa na muda wa kutembea. Mji wenyewe ni wa mawe ya chokaa yenye rangi ya asali, vichochoro vyembamba, na mapaa ya vibamba vya mawe. Nilimwona kaka akiugusa ukuta kwa kiganja, akinyamaza, akiugusa tena. Nilijua anawaza nini, ila sikutaka kuanza mjadala wa Lamu barabarani.

Mji huu nao ulikuwa karibu kufa. Uliokolewa na sheria ya tarehe 4 Agosti 1962, iliyobeba jina la waziri wa utamaduni André Malraux, ambayo ililinda mitaa mizima ya kale badala ya jengo moja moja. Sarlat ulikuwa miongoni mwa miji ya kwanza kukarabatiwa chini yake. Kanisa la kale la Sainte-Marie, ambalo halikuwa tena la ibada, leo ni soko la ndani, kazi ya msanifu majengo Jean Nouvel aliyekulia papo hapo mjini. Limewekewa milango ya chuma mirefu mno, hata mjukuu wetu wa kiume akauliza kama hapo ndipo wanapouziwa ndovu.

Waliokuwa wakiuzwa ni bata bukini. Msomaji, sijapata kuona watu wanaompenda bata kiasi hicho. Maini yake, mapaja yake, mafuta yake kwenye mikebe. Hata sanamu ya shaba ya bata watatu imewekwa uwanjani. Viazi vyenyewe, ambavyo ndivyo sifa ya mji, hukaangwa kwa mafuta ya bata. Kaka aliuliza, "Amechinjwa vipi?" Hakuna aliyeweza kumjibu, na viazi vikatupita. Tulinunua mayai, uyoga, nyanya, asali, jibini ndogo za mviringo za maziwa ya mbuzi, na mfuko wa jozi, kwani jimbo hilo ni mashuhuri kwa miti ya jozi. Jioni hiyo Zuhura alipika wali wa nazi kwa tui la mkebe alilokuja nalo kutoka Leicester. Hapo ndipo nilipokubali ile hesabu yake ya jiko.

Nyumba ilikuwa ukingoni mwa mji, mwendo wa robo saa kwa miguu. Kuta nene karibu urefu wa mkono wangu, madirisha madogo yenye vilango vya mbao kwa nje, boriti nyeusi darini, na tanuri ya mkate ukutani ambayo haitumiki tena. Mwenye nyumba, bibi wa makamo ya kaka ambaye nitamwita Madame tu, alikaa nyumba ya pili. Alitupokea na karatasi tatu za orodha: sahani kumi na mbili, vijiko kumi na viwili, sufuria nne, magodoro, taa. Kodi haikuwa na shuka, tulikodi kwa yuro kadhaa. Kulikuwa na ushuru wa wageni kwa kila mtu mzima kwa kila usiku, watoto hawalipi. Usitupe kitu chooni ila karatasi yake, maana maji taka yanaingia kwenye tangi bustanini. Na yuro 300 za dhamana, zitakazorudi tukiondoka salama.

Sisi wengine tulitaka kutia sahihi na kulala. Kaka, aliyekuwa karani bandarini kwa miaka thelathini na mmoja, alivaa miwani na kuanza kuhesabu vijiko. Alizunguka kila chumba. Aliandika: kigae kimoja jikoni kimepasuka, meza ina alama ya moto, beseni la bafuni lina ufa. Madame alimtazama, mwanzo kwa kuudhika, kisha kwa namna ya heshima, akatia sahihi chini ya kila mstari. Nilimwonea haya siku hiyo. Jumamosi iliyofuata, msichana aliyetumwa kukagua alipoanza kusema juu ya ile alama ya meza, kaka hakutamka neno. Alitoa karatasi tu. Yuro zote 300 zikarudi.

Lakini hayo ni ya vijiko. Yaliyonifanya niandike ni ya Jumanne.

Naomba nieleze. Marehemu baba alituachia nyumba Lamu, sisi ndugu watano. Ni nyumba ya kale ya mawe ya matumbawe na chokaa, yenye vidaka ukutani na boriti za mikoko. Tangu mama afariki haina mtu. Kuta za chini zimeanza kumenyuka na kulowa, na dalali ameleta mgeni kutoka Ulaya anayetaka kuinunua. Kaka alikuwa amekubali. Wadogo zetu wawili wamekubali. Mimi na dada tulikataa, na kwa miezi minane tulikuwa tukisalimiana tu kwa simu, shikamoo, marahaba, basi. Ndiyo maana, nadhani, Zuhura alitukusanya chini ya paa moja mahali ambapo hakuna mtu angeweza kupanda basi la jioni.

Jumanne ilinyesha. Madame alileta keki ya jozi na kuketi. Mjukuu wetu wa miaka kumi na minne anajifunza Kifaransa shuleni, akawa mkalimani. Kaka, aliyekuwa ameutazama ule ukuta wa sebuleni kwa siku tatu, aliuliza: "Mwulize, mbona haulowi?"

Madame alicheka, akamshika mkono na kumtoa nje hadi nyuma ya ghala. Tukafuata na miavuli. Alituonyesha ukuta wa banda ambalo halijatengenezwa: umepakwa saruji ya kijivu, na saruji yenyewe imebanduka vipande vipande huku jiwe la nyuma likiwa bichi na linamung'unyuka kama biskuti. Ile nyumba tuliyolala, alisema, ilikuwa hivyo hivyo. Wakwe zake walipofariki ilikaa miaka mingi na upupu ukiota hadi ndani. Baba mkwe ndiye aliyeipaka saruji, akidhani anaitia nguvu. Jiwe hunyonya unyevu kutoka ardhini, na chokaa huuacha utoke. Saruji huufungia ndani. Ilibidi fundi aibandue yote kwa patasi, waache ukuta ukauke, kisha wapake chokaa na mchanga.

Mtoto alikwama kwenye neno la chokaa. Alisema "ule unga mweupe, babu". Kaka alikuwa amekwisha kuelewa. Uso ulimbadilika.

Maana aliyepaka saruji kuta za chini za nyumba ya baba, mwaka mmoja baada ya mazishi, ni yeye. Alitoa fedha zake za mkupuo wa kustaafu. Aliponiambia nyumba imeoza haina dawa, aliamini hivyo, nami niliamini kwamba anatafuta fedha. Tulisimama pale mvuani na hakuna aliyemtazama mwenzake.

Nisikufiche, msomaji, Madame hakutuchorea pepo. Usiku ule alisema kwamba kodi ya wageni inalipa paa na bima, haimtajirishi. Wanawe wako Toulouse na Bordeaux. Nyumba nyingi za jirani zimenunuliwa na Waingereza, ambao ni wengi sana Dordogne, na hufungwa majira ya baridi. Vijana wa pale bei zimewashinda. Kwetu tunalijua hilo. Mtu wa Lamu akipita Shela huhesabu milango isiyo ya wenyeji. Kaka alimwuliza kama aliwahi kufikiri kuuza. Akasema kila Januari, anaposafisha mifereji ya paa.

Siku zilizobaki tulikwenda kuona nakala ya pango la Lascaux, Montignac, ambalo vijana wanne waliligundua mwaka wa 1940 na ambalo la asili lilifungwa kwa umma 1963 kwa sababu pumzi za wageni ziliharibu michoro. Watoto walifurahi. Kaka hakuzungumza njia nzima, ila mara moja aliuliza, "Yule fundi wa Matondoni aliyechoma chokaa, yu hai?" Nikamwambia mwanawe ndiye anayefanya kazi sasa.

Tumerudi. Dalali bado anapiga simu. Kaka hajatia sahihi, wala hajasema hatatia. Wadogo zetu wanataka fungu lao, na wana haki, mmoja anasomesha. Fundi wa Matondoni amekwenda kuitazama nyumba na kutaja bei ya kubandua saruji na kupaka upya, bei iliyotufanya sote tukohoe. Juzi kaka alinipigia asubuhi na mapema, akaniambia nimtafutie kwa jirani ule ufunguo mkubwa wa mlango wa mbele, kwa sababu wake umeshika kutu, naye anasafiri Ijumaa. Nikamwuliza atalala wapi. Akasema, "Nitalala kwa baba."