Utafiti juu ya walemavu urudi kwa walemavu

Bandugu vijana wa Kalemie,

Mwaka 2018 mtafiti Clara Devlieger alitoa makala juu ya walemavu wa Kinshasa katika jarida la wasomi American Ethnologist. Anaonyesha vile wanaingia maduka na ofisi wakiwa na makaratasi ya kiofisi mkononi, wanaomba kama watu wenye kudai haki yao.

Kazi kama hiyo, vyuo vikuu vinaipima kwa hesabu: wasomi wangapi wameitaja? Hatukatai hesabu ile. Inafikisha mbali maneno ya watu wa chini. Lakini wenye kutaja na wenye kutajwa ni wasomi kwa wasomi, tena kwa Kiingereza. Mlemavu mwenye kuuza unga soko hapa kwetu haimufikii.

Sheria nayo tuko nayo: Katiba, kifungu cha 49, na sheria namba 22/003 ya tarehe 3 Mei 2022 juu ya haki za walemavu. Imeandikwa kwa Kifaransa.

Kwa hiyo tunadai:

Mtafiti mwenye kuja kuuliza walemavu wa Tanganyika arudishe matokeo kwa Kiswahili, redioni, mbele ya wale aliouliza.

Bunge la jimbo, likipiga kura ya bajeti, litaje sheria ile pamoja na kiasi cha franka.

Na sisi vijana tuisome kwa sauti, mtaa kwa mtaa.

Siku shida ya mlemavu itatajwa ndani ya bajeti ya jimbo, hapo tutasema utafiti umezaa matunda.