Jalada la Kumi na Sita

Mlangoni pa ghala la kikosi huweza kuonekana ubao uliotundikwa vibati vyenye namba. Anayetaka kuingia katika chumba chochote cha ghala hupewa kibati kimoja, namba yake huandikwa daftarini, na atokapo hukirudisha. Vyumba vyaweza kuwa mia, lakini vibati vikiwa 20, basi wanaoweza kuwa ndani kwa wakati mmoja ni 20 tu. Wa 21 atangoja nje, hata akiwa na cheo kikubwa, na hata shughuli yake iwe ya haraka namna gani.

Kompyuta nayo ina ubao wa aina hiyo. Programu inapotaka kusoma au kuandika katika jalada, haiendi yenyewe kwenye diski. Huomba kwanza kwa mfumo wa uendeshaji, ambao ndio bwana zamu wa mashine, nao huipa namba. Muda wote jalada liwapo wazi, namba ile imeshikwa. Likifungwa, namba hurudi ubaoni. Namba zikimalizika, programu hukataliwa, ijapokuwa diski ina nafasi tele. Jambo hili huwashangaza wengi, kwa sababu mashine hulalamika kwamba majalada yaliyo wazi yamezidi, ilhali mtumiaji haoni mbele yake ila orodha moja tu ya majina.

Na afikiriwe, kwa mfano, karani wa ofisi ndogo huko Palma, katika mwambao wa kaskazini wa Cabo Delgado nchini Msumbiji, upande wa kusini wa mto Ruvuma. Mji huo ulishambuliwa tarehe 24 Machi 2021. Jirani yake, Mocímboa da Praia, ulikuwa umekwisha kuonja vita tangu tarehe 5 Oktoba 2017. Ulitekwa mwezi wa Agosti 2020, ukakombolewa mwezi wa Agosti 2021 na majeshi ya Msumbiji na Rwanda. Watu walikimbia kwa miguu na kwa vyombo vya baharini, wengine wakielekea Pemba, wengine mpakani mwa Tanzania. Familia inaporudi, swali la kwanza ni chakula. La pili ni kiwanja: nyumba ilisimama wapi, na ni ya nani? Mahali ambapo karatasi zimeungua, nakala iliyomo katika diski kuukuu hupata thamani ambayo haikupata kuwa nayo wakati wa amani.

Karani huyo ana kompyuta kongwe, na ndani yake daftari la kaya na viwanja lililotengenezwa miaka ya 1990 kwa kutumia Clipper. Hiki kilikuwa chombo cha kampuni ya Nantucket ya Marekani, kilichotoka mwaka 1985, nacho kilichukua programu zilizotungwa kwa lugha ya dBASE na kuzigeuza ziwe programu zinazojiendesha zenyewe. Programu ikishageuzwa hivyo huwa kama andazi lililokwisha kuiva: laweza kuliwa, lakini hamira haiwezi tena kupunguzwa. Aliyeitunga programu hii hajulikani alipo, na maandishi yake ya asili hayapo. Imebaki yenyewe, na inafanya kazi.

Majalada yake yahesabiwe sasa. Kuna daftari la kaya pamoja na faharasa zake tatu, yaani orodha za kutafutia kwa jina, kwa namba na kwa kijiji: hayo ni majalada manne. Daftari la watu wa kila kaya lina faharasa tatu: manne mengine. Daftari la viwanja lina faharasa mbili, jumla yake matatu. Orodha ya vijiji na faharasa yake ni mawili. Jalada la maelezo marefu ni moja, na la mipangilio ya programu ni moja. Jumla ni 15.

Katika mfumo wa MS-DOS, kila programu ilikadiriwa namba 20. Lakini tano kati ya hizo hushikwa tangu mwanzo: moja ya kupokea kutoka kwenye kibodi, moja ya kuandika kwenye kioo, moja ya kutoa habari za makosa, moja ya waya wa mawasiliano na moja ya mashine ya kuchapia. Zinazobaki ni 15. Kwa hiyo daftari la Palma lilitosha barabara, bila kuzidi wala kupungua, na yumkini mtungaji wake alijipongeza.

Kisha mashine ya kuchapia ikaharibika, kwani hewa ya chumvi haina huruma na vyuma. Karani akaiagiza programu iandike taarifa katika diski, ili ikachapwe mahali pengine. Mashine ya kuchapia ilikuwa na namba yake miongoni mwa zile tano. Taarifa inayoandikwa katika diski ni jalada jipya. Ni la kumi na sita.

Hapo ndipo penye hatari, nayo si kule kukataliwa. Programu iliyotungwa vizuri ikikataliwa husimama na kusema. Nyingine, zilizotungwa kwa haraka, hulipuuza neno la bwana zamu na kuendelea bila lile jalada lililokosekana. Na karani aliyechoka naye hutafuta njia ya mkato: huzima faharasa ya majina ili apate nafasi moja, huchapisha taarifa yake, kisha huendelea kuandikisha watu mchana kutwa bila kukumbuka kuirudisha. Jina la kila anayeandikishwa huingia katika daftari, lakini haliingii katika faharasa.

Juma lifuatalo mama mmoja anafika dirishani na wajukuu wawili.

“Mwanangu, niliandikishwa hapahapa, Jumanne,” anasema.

Karani anatafuta kwa jina. Mashine inapekua faharasa, wala haipekui daftari lenyewe. “Mama, jina lako halimo.”

Karani hasemi uongo, na mama hasemi uongo. Jina limo, lakini njia ya kulifikia haipo. Kiwanja chake kinaonekana hakina mwenyewe, na katika mji unaojaa watu wanaorudi, kiwanja kisicho na mwenyewe hakikai hivyo kwa muda mrefu.

Dawa ipo, nayo haihitaji kuandikwa kwa programu upya. Hata hivyo kuna jambo la kutangulizwa, ambalo wengi huliruka: diski yote inakiliwe, na nakala iwekwe nje ya jengo, kabla mtu hajagusa chochote. Baada ya hapo yafaa ijulikane kwamba ukomo wa majalada hauwekwi mahali pamoja. Kuna ubao wa mashine nzima na kuna ubao wa kila programu.

Ubao wa mashine nzima huwekwa kwa mstari mmoja katika jalada liitwalo CONFIG.SYS, palipo na neno FILES na idadi. Mstari huo usipokuwapo, MS-DOS hujichukulia nafasi nane tu, na mwisho wake ni 255. Katika mashine za Windows XP zinazoendesha programu hizo za zamani, mstari huo umo katika jalada la CONFIG.NT, na kwa kawaida huwa 40. Kompyuta za Windows za sasa, zenye mfumo wa biti 64, haziendeshi kabisa programu za MS-DOS bila msaada wa programu nyingine inayoiga mashine ya kale. Ndiyo maana kompyuta kongwe isitupwe kabla haijaulizwa ina nini ndani.

Ubao wa programu yenyewe ni jambo jingine. Tangu toleo la 3.3 la MS-DOS, la mwaka 1987, programu iliweza kumwomba bwana zamu aipanulie ubao wake uzidi namba 20. Lakini ilipaswa kuomba yenyewe. Waliotengeneza Clipper waliliona hilo wakaacha mlango: kabla programu haijaanza, huwekwa katika mazingira ya mashine neno CLIPPER likiwa na herufi F na idadi inayotakiwa. Kati ya idadi hiyo na ile ya FILES, iliyo ndogo ndiyo itawalayo. Wengi wamehangaika siku nzima wakipandisha moja na kuisahau ya pili, kisha wakailaumu mashine. Karani wa Palma akiweka FILES 60 na F 50, akaizima mashine na kuiwasha tena, jalada la kumi na sita litafunguka. Gharama yake ni ndogo, kwani kila nafasi ya FILES hula baiti zipatazo 60 tu za kumbukumbu. Hata hivyo hakuna haja ya kuandika 255 kwa ajili ya kujionyesha.

Kabla ya kupandisha, hesabu ifanywe kama ilivyofanywa hapo juu. Zipo programu ambazo haziishiwi namba kwa sababu ya wingi wa kazi, bali kwa sababu hufungua jalada na kusahau kulifunga, kama askari anayeondoka ghalani na kibati mfukoni. Programu ya namna hiyo asubuhi hufanya kazi vizuri na jioni hugoma. Ikiongezewa nafasi itagoma kesho kutwa badala ya leo, na ikizimwa na kuwashwa hupona kwa muda. Dalili hiyo ya kupona kwa kuzimwa isipuuzwe.

Si kila programu ya zamani iliyoachiwa mlango kama ule wa Clipper. Katika mfumo wa Solaris wa kampuni ya Sun Microsystems, programu za biti 32 zilizotumia njia ya kawaida ya kusoma na kuandika hazikuweza kupita namba 255, hata mkubwa wa mashine akiruhusu maelfu. Sababu yake ni ya kustaajabisha kwa udogo wake: mahali pa kutunzia namba ya jalada palitengewa baiti moja tu, na baiti moja huhesabu kuanzia 0 hadi 255. Ni kama daftari la ghala ambalo safu yake ya namba ina upana wa tarakimu mbili. Kibati cha mia hakiandikiki. Safu haikuweza kupanuliwa, kwa kuwa programu nyingi zilikuwa zimekwisha kugeuzwa katika lugha ya mashine zikiamini upana uleule. Baadaye Sun walitoa kipande cha kutangulizwa mbele ya programu kuukuu, kilichotunza namba kubwa mahali pengine. Programu ikijaribu kuingiza mkono wake katika safu ya zamani, husimamishwa mara moja. Walifanya vema, maana programu iliyokufa huonekana, lakini iliyoandika katika jalada la mwingine haionekani.

Ubaya huo wa pili upo pia. Programu nyingi za Linux zilizotumia njia iitwayo “select” zilijengwa na jedwali la nafasi 1024. Mkubwa wa mashine akipandisha ukomo bila kulijua hilo, jalada lenye namba 1030 huwekewa alama nje ya jedwali, juu ya kumbukumbu ya shughuli nyingine. Kwa programu za namna hiyo, ukomo wa zamani usiguswe mpaka apatikane mwenye maandishi ya asili.

Karani wa Palma hana shida hiyo. Yake ni Clipper, na mistari miwili imetosha. Lakini jalada la kumi na sita kufunguka hakurudishi majina yaliyopotea njia. Faharasa iliyozimwa haijui yaliyotokea wakati ikiwa imelala. Inabidi zote zijengwe upya kutoka katika madaftari, kazi ambayo programu huifanya yenyewe ikiagizwa. Mashine kongwe hunguruma kwa dakika kadhaa. Kisha jina la yule mama linatafutwa tena, nalo linatokea, pamoja na namba ya kiwanja chake na majina ya wajukuu. Kikao cha viwanja ni kesho asubuhi. Karani anamwita kijana wa mlangoni na kumtuma akamtafute kabla jua halijatua.